Mama Mafuta na Damu Nyeupe

Ndugu, jamaa na marafiki, wasifu huu umeandikwa na mdogo wake marehemu, ambaye ndiye anayewasomea. Karatasi mlizoshika zilitoka kwa mpiga chapa leo asubuhi, na yote yamo, hata yale ambayo baadhi ya wakubwa walishauri yaachwe kwa sababu mambo ya namna hiyo hayasemwi msibani. Mdogo mtu aliwasikiliza kwa heshima, akawashukuru, kisha akayaandika. Mtamvumilia. Aliyemlea na kumfundisha kusema ni marehemu, kwa hiyo nusu ya lawama ni zake.

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Agosti 1966, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Baba alikuwa seremala wa mabehewa na mama alikuwa mshonaji. Karibu miaka tisa alikaa peke yake kabla mdogo wake hajazaliwa, na katika miaka hiyo aliuliza maswali yote ambayo watoto sita wangegawana. Baba alisema kuna siku alijificha chini ya behewa lililokuwa likitengenezwa, si kwa hasira, bali apumzike kidogo kuulizwa "kwa nini." Walizaliwa wawili tu, na leo amebaki mmoja.

Alisoma shule ya msingi ya watoto wa reli kuanzia 1973 hadi 1979, kisha akaenda sekondari ya bweni ya wasichana. Likizo ya Desemba 1982, akiwa na miaka kumi na sita, alimsindikiza mama kliniki ya kisukari. Mama alikuwa mnene. Muuguzi alimpima, akatazama kipimo, akamwambia mbele ya foleni nzima, "Mama, dawa yako wewe ni kufunga mdomo." Watu wakacheka. Mama naye akacheka, maana angefanyaje? Njiani kurudi nyumbani, kwenye kona ya karakana, marehemu alimgeukia.

"Mama, mimi nakula kuliko wewe. Nyumba nzima inajua. Mbona mimi sina sukari?"

"Muulize aliyeniumba."

"Nitamuuliza. Ila nitaanza na madaktari."

Mama alikatwa mguu mwaka 1987. Alifariki tarehe 2 Mei 1989, marehemu akiwa mwaka wa mwisho chuo kikuu, akisomea biokemia, yaani kemia ya viumbe hai. Baba alikwisha kutangulia. Marehemu alirudi, akamzika mama, akamshika mkono mdogo wake wa miaka kumi na minne na kuondoka naye. Waliishi chumba kimoja cha kupanga karibu na chuo, kitanda kimoja, jiko moja la mafuta ya taa. Mdogo mtu alichelewa sana kujua kwamba ni yatima, kwa sababu dada yake hakumpa nafasi ya kuwa yatima. Alipewa hesabu za kufanya, vyombo vya kuosha na kofi moja la maana alipopata sifuri ya fizikia. Shahada ya kwanza marehemu aliipata mwaka huohuo wa 1989, ya pili 1993, na ya udaktari wa falsafa aliipata nje ya nchi mwaka 1999. Wenzake wengi walibaki huko. Yeye alirudi Januari 2000, na mzigo wake mkubwa kuliko yote ulikuwa vitabu.

Chuo cha udaktari kilimpa maabara chini ya ardhi, chumba kilichokuwa cha kufulia mashuka ya hospitali. Kuta zilinuka sabuni mpaka siku ya mwisho, na mvua ikinyesha maji yalirudi kwa bomba la sakafuni. Humo ndimo alimofanya kazi miaka ishirini na mitano. Wakati ule hata waliosoma waliona mafuta ya mwilini ni mzigo tu, kama magunia yaliyorundikwa ghalani. Marehemu alikuwa akisema ghala hilo lina mlinzi, na mlinzi ana simu. Mafuta hutengeneza homoni, yaani vijumbe vinavyosafiri ndani ya damu. Mojawapo huitwa leptini, na kazi yake ni kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo, mtu aache kula. Nyingine huathiri jinsi ini na misuli inavyoitikia insulini. Mawasiliano hayo yakiharibika, sukari hubaki ikizurura kwenye damu. Alitaka kujua yanaharibikaje kwa watu kama mama yake, ili siku moja muuguzi akose la kusema mbele ya foleni.

Sasa mafuta ya kuchunguza atayapata wapi? Aliyaomba. Alikwenda wodini usiku wa kuamkia operesheni, akakaa kitandani pa kila mgonjwa na kumwomba ruhusa mwenyewe, kwamba akipasuliwa, kipande kidogo cha mafuta kinachotupwa apewe yeye. Mama mmoja mnene alimjibu, "Chukua yote, mwanangu, usinibakishie." Asubuhi yake alisimama mlangoni pa chumba cha upasuaji na chupa yake ya barafu, na madaktari wa upasuaji wakitaniana, "Mama Mafuta amefika, mpeni mgawo wake." Jina likamganda. Profesa aliitwa kwenye sherehe na kwenye bahasha tu.

Mafuta hayohayo ndiyo yaliyomletea mume. Mwaka 2001 friza ya maabara ilikufa, ikiwa na sampuli za wagonjwa wa mwaka mzima. Aliitwa fundi wa friji, mtu mpole, mfupi, mwenye mkoba wa ngozi. Alipofungua mlango na kuuliza hii nyama ya nini, akaambiwa ni mafuta ya binadamu, aliurudisha mlango taratibu na kuomba maji ya kunywa. Marehemu alisimama juu ya kichwa chake muda wote.

"Fundi, ikipona nakununulia soda."

"Na isipopona?"

"Nitalia."

"Basi itapona. Mimi kubembeleza sijui."

Ilipona. Ila kila wiki fundi alirudi "kuangalia gesi." Mwezi wa tatu marehemu alimwuliza, "Fundi, friza ni nzima, na wewe unajua ni nzima. Mgonjwa hapa ni nani?" Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 23 Novemba 2002. Hawakujaliwa mtoto, mimba mbili ziliharibika, na hayo waliyabeba wawili bila kulaumiana. Shemeji aliwaambia wateja wake kwamba mkewe ana mafuta mengi kwenye friza kuliko bucha yoyote mjini, na alisema hivyo kwa majivuno.

Tarehe 3 Juni 2006 mdogo wake marehemu alijifungua binti. Mtoto huyo ndiye mnayemjua kwa jina la Bondia. Jina walimpa watoto wa mtaani, na halikuwa na ubaya, maana akiwa na mwaka mmoja tu alikuwa na misuli ya mtu anayebeba mizigo na mishipa imetutumka mikononi. Mashavu hana, makalio hana, tumbo limejaa. Majirani walisema mama yake anamnyima chakula. Kumbe mtoto alikuwa akila kama mtu mzima, akilia njaa na tonge bado limo mdomoni. Baba yake alisema katika ukoo wao hakuna viumbe wa namna hiyo, akaenda zake kutafuta wa namna yake.

Hospitalini walimtoa damu, na majibu hayakuja. Wakamtoa tena, hayakuja. Mtu wa maabara alikuwa akiimwaga kila mara, kwa sababu aliiona nyeupe, akaamini chupa imechafuliwa. Hata alimwuliza mama mtu, "Dada, ulikuwa unamnyonyesha mtoto wakati anatolewa damu? Maziwa yameingia." Mara ya tatu marehemu alikuwepo. Alimwona yule bwana akinyanyua chupa kuelekea kwenye ndoo, akamdaka mkono.

"Usimwage! Hayo si maziwa. Hayo ni mafuta yaliyokosa pa kukaa."

Akaishika ile chupa kwenye mwanga wa dirisha. Alikuwa amesoma habari za ugonjwa huu bila kutarajia kuuona maishani mwake, sembuse kwa mtoto wa nduguye. Ni ugonjwa wa nadra mno. Mtoto huzaliwa bila mafuta ya mwilini. Hana ghala, kwa hiyo hana mlinzi wala simu; ubongo unaamini ana njaa saa zote, na mafuta ya chakula yanajaa kwenye ini na kwenye damu, na kisukari kinakuja kikali kuliko cha watu wanene. Mwanamke aliyetumia maisha yake kuwatetea wanene alipewa mtoto asiye na hata kipande cha mafuta, na ugonjwa uleule.

Siku moja mdogo mtu, akiwa amechanganyikiwa, alimwambia dada yake kwenye ile maabara, "Dada, mafuta yote haya kwenye friza, huwezi kumpandikiza hata kidogo?" Marehemu akamjibu, "Ingewezekana, ningeanza na yangu." Kisha wakakumbatiana pale kwenye harufu ya sabuni na kulia kama watoto.

Dawa ilikuwepo duniani, sindano ya kila siku yenye ile leptini aliyoikosa. Haikuwepo hapa, na bei yake haisemeki. Kwa miaka saba marehemu aliomba. Aliacha safari za mikutano, aliacha kuwania ukuu wa idara, aligombana na watu waliokuwa marafiki. Mwisho wenye dawa walikubali kumpa mtoto bure, ndani ya utafiti wake, kwa sharti kwamba yeye ndiye awe msimamizi, na dawa itumwe kwa jina lake tu. Sindano ya kwanza alichomwa Machi 2015. Kwa sababu umeme wa nyumbani kwa mama yake ulikuwa wa kubahatisha, Bondia alihamia kwa mama mkubwa wake, ambako baba mkubwa, fundi, alifunga betri nyuma ya friji ya jikoni, umeme ukikatika friji isijue.

Wiki chache baadaye familia ilikuwa mezani. Bondia, miaka minane, ambaye hakuwahi kuacha kitu kwenye sahani tangu azaliwe, alikisukuma kipande cha mkate. Mama yake akamwuliza, "Vipi, unaumwa?" Mtoto akafikiri kidogo, akasema, "Nadhani nimeshiba." Alikuwa akilisikia neno hilo kwa watu wengine tu. Marehemu aliinuka, akasema anakwenda kuangalia gesi, na fundi akamfuata jikoni. Hakuna tuzo aliyopewa iliyomfurahisha namna ile, na tuzo alipewa.

Miaka karibu kumi ilipita hivyo. Damu ya mtoto ikawa nyekundu kama ya watu. Ini likapungua. Alifaulu kidato cha nne, na sasa alikuwa akisomea ushonaji, kazi ya bibi yake ambaye hakumwona.

Oktoba 2024 marehemu alianza kuumwa mgongo. Alijidanganya kwamba ni viti vya maabara. Desemba macho yakawa ya njano, na kipimo kikaonyesha saratani ya kongosho, kiungo kilekile kinachotengeneza insulini. Alipoambiwa alicheka kidogo na kusema, "Kumbe miaka yote nilikuwa namshughulikia jirani yake tu, mafuta." Hakulia mbele ya watu. Alichofanya ni kuandika kwa wenye dawa kuwasihi walete akiba kubwa mapema, na walileta, Januari, ikajaza rafu nzima ya friji. Pia alimwita mwanafunzi wake wa zamani, leo daktari bingwa wa homoni, aliyekuwa akimwita "mwanangu wa maabara," akamwomba arithi usimamizi. Daktari alikuja wodini, akakaa pale pale wanapokaa wageni.

"Mwalimu, nipe muda nifikirie. Huyu mtoto akinifia mikononi, watasema nini?"

"Watasema ulijaribu. Mimi wamenisemea hivyo miaka kumi na minane na sijafa kwa hilo."

"Nipe muda, Mwalimu."

"Baba, kila kitu nitakupa. Muda sina."

Marehemu aliaga dunia Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, mchana, akiwa na miaka hamsini na minane, mume wake amemshika mguu kwa sababu alisema miguu ina baridi. Daktari alikuwa hajarudisha jibu.

Hapa ndipo penye yale ambayo wakubwa walishauri yaachwe.

Jumatano nyumba ilijaa watu. Wifi yake marehemu, mwanamke mwema kuliko wengi tuliopo hapa, ndiye aliyeshika jikoni. Maziwa ya wageni yalikuwa yanaganda, maji ya kunywa yalikuwa ya moto. Akafungua friji, akaona rafu imejaa maboksi ya dawa yenye jina la marehemu. Na dawa za marehemu ni za nini tena? Akazitoa zote kwa heshima, akazipanga pamoja na vidonge vyake vya maumivu kwenye beseni, akaziweka barazani juu ya ukuta, zisubiri kurudishwa hospitali. Jua la Februari mnalijua. Bondia alipokwenda kuchukua sindano yake ya jioni alikuta rafu ina maziwa.

Vichupa vilikuwa vya moto mkononi. Fundi alivichukua kimoja kimoja, akavirudisha kwenye friji, akafunga mlango, akakaa sakafuni ameuegemea. Ni yeye ambaye kwa miaka arobaini amewaambia wateja kwamba kilichoharibika kwa joto hakiponi kwa kurudishwa kwenye baridi. Watu walimwita akapokee wageni. Hakuinuka. Wifi alipoelewa alichofanya alianguka chini, na waliokuja kumzika dada yetu walidhani anamlilia yeye. Hakuna anayemlaumu. Mtu yeyote mwenye adabu angefanya vilevile, na yeyote anayetaka kumnyooshea kidole aanze na huyu anayesoma, ambaye alipita mbele ya beseni lile akienda kupokea rambirambi na hakulitazama.

Dawa ile haikatizwi ghafla. Ikikatizwa, mafuta hurudi kwenye damu kwa kasi, na kongosho laweza kuwaka moto. Insulini Bondia anachomwa, kwa dozi ambazo zingemuua mtu mwingine, na bado sukari inapanda, naye anakunywa maji na kiu haikatiki. Alhamisi ilitolewa damu. Imeanza kupoteza wekundu wake.

Wenye dawa wamejibu haraka na kwa huruma. Wanasema nyingine ipo, wanaweza kuituma kwa ndege, ila hawaitumi kwa marehemu. Wanataka jina la daktari bingwa aliye hai.

Marehemu ameacha mume, mdogo mmoja, wifi mmoja, wanafunzi wengi waliotawanyika katika maabara zenye sakafu kavu kuliko yake, na wagonjwa wasiohesabika walioacha kuambiwa wafunge mdomo. Ameacha pia binti mmoja ambaye hakumzaa. Binti huyo amekaa kwenye kiti cha mwisho upande wa kulia, na chupa ya maji miguuni. Mkimfikia kumpa pole, tafadhali msimwambie kwamba amekonda kwa majonzi. Amesikia maneno ya namna hiyo maisha yake yote.

Na mwanafunzi wake yupo, safu ya tatu, amevaa suti ya kijivu; hayo ya viti na suti tu ndiyo hayamo kwenye karatasi. Daktari, mdogo wake marehemu anajua hii si adabu. Kumwuliza mtu swali mbele ya kaburi na mbele ya watu ni kumfunga kamba. Angekuwa na njia nyingine angeitumia. Alikupigia simu Jumatano, alikupigia Alhamisi, na jana alikaa nje ya ofisi yako mpaka walinzi walipofunga lango. Wewe si mtu mbaya. Unaogopa, na unachokiogopa ni cha kweli. Dada naye aliogopa, miaka kumi na minane, na kila asubuhi alikwenda na chupa yake ya barafu. Jeneza likishashuka usiende kwenye gari lako. Mama na mtoto watakufuata, na mama huyo hana aibu iliyobaki.

Mungu ampokee dada yetu na ampe usingizi ambao hapa hakuupata. Yeye amemaliza. Sisi hatujamaliza, na mtoto ana kiu.